Kompyuta ya mtumba niliyoifanya mashine ya kurekodi TV, uzoefu wangu hapa Arusha

Wakuu, kama unataka kompyuta ya kukaa pale chini ya TV ikuoneshe chaneli za antena na ikurekodie vipindi ukiwa haupo, usianze na prosesa wala ramu, anza na tyuna, kale kadude ka USB kanakoingia waya wa antena. Hapo ndo watu wengi wanapoliwa hela. Huku kwetu analojia ilizimwa kwa awamu, Dar ikatangulia 31 Desemba 2012, Arusha na Moshi ikatufikia 2013, na mfumo wa dijitali tunaotumia ni DVB-T2, sasa zile tyuna za bei ya chini zenye chipu ya RTL2832U peke yake zinasoma DVB-T ya zamani tu. Boksi limeandikwa TV ya dijitali, unafika nyumbani unaskani masafa yote haipati kitu, na dekoda ya jirani inaonesha vizuri kabisa kwa antena ileile. Angalia T2 imeandikwa wapi, kama haipo rudisha dukani.

Mimi natumia Hauppauge WinTV-dualHD, ina tyuna mbili ndani ya kadude kamoja na Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inaijua bila shida. Aliniletea mteja wangu mmoja aliyekuja kupanda Meru, nilimuomba aibebe kwenye begi. Kazi yangu ni dereva wa utalii, msimu ukichanganya Julai mpaka Septemba nalala Karatu na Seronera kuliko ninavyolala Moshono, kwaiyo mechi na taarifa ya habari ya saa mbili zilikua zinanipita tu, nikawa nataka nikirudi nikute vimewekwa vinanisubiri. Ndo sababu yote hiyo.

Kompyuta yenyewe ni HP EliteDesk 800 G2 mini, zile ndogo za maofisini zinazokuja za mtumba, nimeichukua mjini kwa laki tatu na themanini, i5 6500T, ramu 8GB. Kwa kazi hii inatosha na kubaki, maana video za H.264, yaani namna picha za TV zinavyobanwa, zinafunguliwa na chipu ya picha na prosesa haihangaiki, feni hata huisikii. Haina tundu la HDMI, ina DisplayPort, kwaiyo nunua na waya wa DisplayPort kwenda HDMI, sauti inapita humohumo. Na kabla hujaifunga mwambie fundi akubadilishie kile kibetri cha saa, CR2032, hizi za mtumba nyingi kinakua kimekufa. Umeme ukikatika na intaneti haipo mashine inaamka na tarehe ya ajabu, ratiba yote ya kurekodi inakua haina maana.

Upande wa programu, Windows Media Center tuliyokua tunaisifia zamani isahau, Microsoft waliitoa kwenye Windows 10 mwaka 2015. Nimeweka LibreELEC, ni Linux ndogo ambayo kazi yake ni kuwasha Kodi tu, programu ya kuangalia TV na video, unaiandika kwenye flashi, unawasha, dakika chache umemaliza. Kodi ndo ile iliyokua inaitwa XBMC mpaka 2014. Ndani yake unaongeza Tvheadend, na hii Tvheadend ndo roho ya mashine nzima, yenyewe ndo inashika tyuna, inapanga chaneli na kurekodi, Kodi inakuonesha tu. Unaifungua kwenye brauza ya simu au laptop, anwani ya mashine na poti 9981. Usitegemee utakuta Tanzania imeshaandaliwa orodha ya masafa, ingiza mwenyewe kwa mkono, anza 474 MHz halafu ruka nane nane, 482, 490, mpaka 690, chagua DVB-T2 na upana wa 8 MHz, iache iskani, nenda kanywe chai.

Sasa kitu ambacho nataka kila mtu akielewe, maana dekoda za kawaida zimetuzoesha vibaya. Frikwensi moja ya dijitali haibebi chaneli moja, inabeba nyingi kwa pamoja, ni kama Hiace ya Njiro, ukisimamisha gari umewapata abiria wote. Kwaiyo tyuna moja ikishika frikwensi hiyo, Tvheadend inaweza kurekodi chaneli mbili tatu za humo kwa wakati mmoja na wewe unaangalia ya nne, tyuna ya pili bado imekaa bure inasubiri frikwensi nyingine. Nyumbani ugomvi wa remoti umeisha kabisa, habari inarekodiwa, tamthilia ya mama watoto inarekodiwa, watoto wanaangalia katuni, mashine wala haijali. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifurahi sana aisee, na dekoda niliyokua nimepanga kununua nikaachana nayo.

Nafasi ya kuhifadhi nayo watu wanaiogopa bure. Hesabu ni kwamba kila megabiti moja kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa, chaneli ya kawaida ya megabiti mbili hivi ni MB 900 kwa saa, kwaiyo diski ya TB 1 inabeba karibu saa elfu moja na mia. Chaneli ya HD ndo inakula zaidi. Na hakuna bando linalotumika hapo, kila kitu kinatoka hewani.

Antena isifanyiwe mchezo. Tumia waya wa RG6, zile nyaya nyembamba zinapoteza mawimbi njiani, elekeza zinakoelekea antena za majirani alafu rekebisha taratibu ukiangalia namba za mawimbi kwenye Tvheadend, sio kwa macho ya picha, maana dijitali picha inakua safi mpaka inapokatika ghafla. Shemeji yangu yuko Rau, Moshi, nilimfungia ya kwake, miti imezunguka nyumba nzima na mvua ikinyesha majani yakilowa chaneli zinakatakata, tulipopandisha bomba juu ya miti ikatulia. Busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, usiikimbilie, karibu na mnara inazidisha mawimbi mpaka tyuna inachanganyikiwa.

Umeme mnaujua wenyewe. Ingia BIOS, ile menyu ya setingi za kompyuta yenyewe kabla haijawaka, tafuta sehemu ya umeme ukirudi na uiambie ijiwashe yenyewe, bila hivo uko Serengeti mashine imelala nyumbani mpaka urudi. Nina UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika, na TV siichomeki pale, kurekodi hakuhitaji TV iwe imewaka, nachomeka kompyuta peke yake. Ikitulia inakula kama wati 10 mpaka 15, yaani unit 7 mpaka 11 za LUKU kwa mwezi.

Isivyoweza niseme pia. Chaneli zilizofungwa inaona jina tu, picha haupati, hii ni ya chaneli zilizo wazi. Mwongozo wa vipindi unakuja nusunusu, chaneli nyingine hazitumi kabisa, kwaiyo mimi napanga kwa saa, naongeza dakika 5 mwanzo na 15 mwisho kwa sababu vipindi vyetu vinachelewa. Hakikisha tu umeweka saa za Dar es Salaam kwenye setingi. Na remoti ya TV haiiendeshi, kompyuta hizi hazina CEC kwenye tundu la picha, mimi natumia apu ya Kore kwenye simu, ila Mama akija kutoka Machame simu haitaki, nikamnunulia kikibodi kidogo cha USB kisicho na waya, nikamuonesha mishale na ile ya kukubali, saivi ibada ya Jumapili anaifungua mwenyewe Jumatatu asubuhi na kuirudisha nyuma pale kwaya anapopapenda.

Kinachofuata ni diski ya pili, ya TB 2, nataka iwe imeshakaa kabla ya AFCON ya 2027, tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda na ule uwanja wa Olmoti ni kwa ajili yake, na mechi zikiwa HD ya megabiti saba unahesabu kama GB 3 kwa saa.