Kitabu cha rekodi za gofu cha NCAA: cha bure, cha kuaminika, na kina mitego

Anayetaka kujua nani alikuwa bingwa wa gofu ya wanaume vyuoni Marekani, na mwaka gani, asihangaike na video za mitandaoni. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, huweka kitabu chake cha rekodi bure kwenye tovuti yake. Kwa watangazaji wa michezo wa Unguja na Pemba, walimu wa michezo maskulini na vijana wanaobeba fimbo pale uwanja wa mashimo tisa wa Sea Cliff, hakuna kitu bora zaidi cha kushika mkononi. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: hakifundishi namna ya kukisoma. Jadweli zimejaa majina na namba, maelezo hamna.

Sehemu yenye thamani ni orodha ya mabingwa binafsi. Inaanzia 1897, kwa Louis Bayard Jr. wa Princeton, ingawa NCAA yenyewe ilianza kuyasimamia mashindano 1939. Ukishuka utaona 1898 na 1902 zina mabingwa wawili wawili. Si kosa la uchapaji, ni kwamba miaka hiyo mashindano yalichezwa mara mbili, masika na vuli. Mwaka 2020 hauna bingwa kwa sababu ya korona.

Mpaka 1964 ubingwa ulipatikana kwa kutoana ana kwa ana, shimo kwa shimo. Ndiyo maana Jack Nicklaus wa Ohio State, bingwa wa 1961, hana jumla ya mikwaju mbele ya jina lake. Kuanzia 1965 mambo yakawa ni kuhesabu mikwaju yote, mwenye michache ndiye bingwa, na hapo ndipo rekodi za namba zinapoanza kuwa na maana. Atakayesema Nicklaus "hana rekodi" kwa kuwa nafasi yake ni tupu atakuwa amepotosha wasikilizaji.

Hata baada ya 1965, namba tupu haitoshi. Chukua 285. Tiger Woods wa Stanford alitwaa ubingwa 1996 kwa jumla hiyo, na Hiroshi Tai wa Georgia Tech, kijana wa Singapore, akautwaa 2024 kwa jumla hiyo hiyo. Ukiziangalia kitabuni utadhani ni kazi moja. Woods alipiga 69, 67 na 69, kisha siku ya mwisho akapiga 80 na bado akashinda, pale uwanja wa Honors Course, Tennessee. Tai alicheza La Costa, California, uwanja uliokuwa ndiyo kwanza umetoka kufumuliwa na kujengwa upya. Mwaka uliofuata, hapo hapo La Costa, Michael La Sasso wa Ole Miss akashinda kwa 277. Uwanja ni ule ule, na mikwaju minane imepungua! Kwa hiyo kila unapotaja jumla, taja na uwanja na mwaka, kisha sema ni mikwaju mingapi chini ya kiwango (par), yaani idadi ya mikwaju uwanja uliyopangiwa kwa mzunguko. Viwanja vyote viwili kiwango chake ni 72, yaani 288 kwa mizunguko minne.

Waliotwaa taji la mtu binafsi mara tatu ni wawili tu: Ben Crenshaw wa Texas, 1971, 1972 na 1973, na Phil Mickelson wa Arizona State, 1989, 1990 na 1992. Hapa pia pana mtego. Taji la Crenshaw la 1972 aligawana na mwenzake wa chuo, Tom Kite. Siku hizi hakuna kugawana: 2022 walifungana wanne, wakarudi uwanjani mpaka Gordon Sargent wa Vanderbilt akabaki peke yake.

Jambo jingine linalokoroga watu ni timu. Kila chuo huingiza wachezaji watano na kila mzunguko huhesabiwa wanne bora, lakini alama iliyotupwa kwenye timu inabaki hai kwa mchezaji mwenyewe. Tena tangu 2009 taji la timu huamuliwa kwa kutoana, baada ya bingwa binafsi kujulikana. Ndiyo maana 2024 Tai alishinda na kombe la timu likaenda Auburn.

Matumizi yake: lipakue faili zima na ulihifadhi kwenye simu. Ukilisoma ndani ya kivinjari, mtandao ukikatika linaanza upya na bando linakwenda. Kwenye kutafuta, andika vyuo kwa mkato wao: "Oklahoma St." na nukta yake, maana "Oklahoma State" huenda isikuletee kitu. USC imeandikwa "Southern California". Njia salama ni kutafuta jina la ukoo la mchezaji.

Ukienda steshenari Darajani kuchapisha, mwambie kijana achague faili litoshee ukurasa (Fit). Karatasi ya Kimarekani ina upana wa milimita 216, A4 yetu ni 210. Ikichapwa kwa ukubwa wake, pembeni panaweza kukatwa, na pembeni ndipo zinapokaa namba za mwisho. Chapisha kurasa za mabingwa tu. Kwanza hakikisha uko Daraja la Kwanza (Division I), kwa sababu madaraja matatu ya NCAA yana orodha zake mbalimbali.

Matokeo ya mwaka huu usiyasubiri kitabuni, yachukue kwenye ubao wa alama wa moja kwa moja. Miaka ya karibuni bingwa binafsi amekuwa akipatikana Jumatatu ya mwisho ya Mei, na yakichezwa California, huko wako nyuma yetu kwa saa kumi: saa tisa yao alasiri, huku ni saa saba usiku wa kuamkia Jumanne.