Wikendi na klabu ya foowili: nilichofaidi zaidi ni yule mtu aliyesimama mbele ya gari

Nimerudi jana usiku, gari ina tope hadi kwenye paa na mabega yanauma, naandika sahivi kabla sijasahau maana mi mwenyewe kabla ya kujiandikisha nilitafuta maelezo ya mtu wa kawaida aliyeenda sikupata, nilipata tu picha za magari yamenyanyua tairi juu. Ni klabu ya wenye magari ya foowili (4x4, yaani injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne), siku mbili njia za porini, kila mtu na gari yake, tulikuwa gari 11, kiongozi mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Jina la klabu siliandiki kwa sababu kuna malalamiko huko chini na hayo nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso.

Mi nina Hilux ya kebini mbili. Nimeiendesha miaka minne na ile swichi ya foowili nimeigusa mara tano hivi, tena kwa wasiwasi, nilichokuwa najua ni kwamba ukiwa kwenye lami kavu usiiweke maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona na gari za aina hii hazina difu ya katikati (difu ni zile gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti) ya kumeza hiyo tofauti, kila kitu kinakaza hadi kivunjike. Basi. Mengine yote nimefundishwa juzi na jana.

Asubuhi ya kwanza hatukuwasha gari karibu saa nzima na nusu, na mwanzo niliona tunapotezewa muda ila sasa hivi ningesema hiyo ndo saa muhimu kuliko zote. Walipita gari moja moja wakilala chini kabisa: betri imefungwa au inacheza, spea ina upepo, mizigo imefungwa au itaruka, na kikubwa zaidi, gari ina sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwenye chasi mbele na nyuma? Jamaa mmoja alikuwa anategemea ile bola ya kuvutia trela. Akaambiwa hapana, ile imetengenezwa kwa ajili ya trela linalotembea taratibu nyuma yako, haikutengenezwa kwa ajili ya gari lililozama linalovutwa kwa kishindo, na ikikatika inaruka na kamba kama risasi inapita kioo cha gari la mwenzako. Watu wamekufa hivyo, tena wengine ni walioenda kusaidia. Wakamfungia ndoano ya kweli palepale, wana vifaa, na hawakumwaibisha, hilo nimelipenda sana.

Halafu upepo. Yaani kama unasoma hii na una foowili na hujawahi kupunguza upepo ukiingia porini, umekuwa ukiitesa gari na mgongo wako bure. Tulitoka kwenye psi 35 (kipimo cha upepo wa tairi) tukashuka hadi 20, wenye gari nyepesi wakaenda chini zaidi, na kwenye ule mchanga wa siku ya pili tukashuka tena hadi 16. Nilidhani tairi inatanuka upande, kumbe kinachoongezeka zaidi ni urefu, ule mguu wa tairi unaogusa chini unarefuka kama kiatu cha mtu mzima ukilinganisha na cha mtoto, kwa hiyo inaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba na kwenye mawe inalikumbatia jiwe badala ya kudunda juu yake. Masharti yake ni mwendo mdogo na hakuna kukata kona kwa nguvu, maana ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, na kabla ya kurudi lami unajaza tena bila mjadala. Hapo kwenye kujaza ndo lalamiko langu la kwanza, kompresa mbili kwa gari 11! Tumekaa tunasubiri hadi giza linaingia. Ukienda nunua yako ndogo hata kama watakwambia zipo.

Sasa nije kwenye kichwa cha habari.

Kuna kipande cha mawe, ngazi tatu za mwamba zimekaa mshazari, urefu wa goti hivi kila moja. Nikaweka lo (zile gia za nguvu za mwendo wa polepole), gia ya kwanza, nikaenda kama ninavyojua mimi yaani kwa moyo na mafuta kidogo, nikafika ngazi ya pili gari ikasimama. Tairi ya mbele kushoto inazunguka hewani, ya nyuma kulia inazunguka hewani, nyingine mbili zimekanyaga mwamba vizuri kabisa na hazifanyi chochote. Nikakanyaga zaidi. Hakuna, kelele za injini tu. Yule dada kiongozi aliyekuwa mbele akainua ngumi, maana yake simama, akaja dirishani akanieleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba difu ya kawaida inapeleka nguvu kule ambako ni rahisi kuzungusha, na hakuna kitu rahisi kuzungusha kama tairi iliyo hewani, kwa hiyo foowili yangu kwa wakati ule ilikuwa haina gurudumu hata moja la kazi. Gari yangu haina loki ya difu, ile inayolazimisha tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja. Akasema tusiongeze nguvu, tubadilishe njia tu. Rudi nusu mita. Usukani kulia kidogo, kidogo zaidi, simama hapo. Sasa njoo. Tairi ikapita pembeni kwenye jiwe ambalo mi kutoka kwenye kiti sikuliona kabisa, lilikuwa limefichwa na boneti, na gari ikapanda kama inapanda ngazi za nyumbani, mguu wangu haukugusa hata mafuta.

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Gari ileile, dereva yuleyule, mwamba uleule, tofauti ni sentimita ishirini na jicho la mtu aliye nje. Watu tunatumia hela nyingi kuinua gari na kununua matairi makubwa na taa za juu, na wakati huohuo kulikuwa na Jimny ya kawaida kabisa haijaguswa inapita kila mahali kwa sababu ni fupi na nyepesi na tumbo lake haligusi, Hilux yangu ndefu imekwaruza tumbo mara nne na bampa ya nyuma mara mbili. Kwa hiyo unachokilipia kwenye klabu kama hii ni yule mtu. Na sheria yao ni kwamba anayeelekeza ni mmoja tu, wengine wote kimya, hata kama unaona kosa unamwambia yeye sio dereva, na ishara ni za mikono maana sauti inapotea kwenye injini.

Miteremko ilinitisha kuliko mawe. Kuna mmoja ukifika ukingoni unaona anga tu. Gari iwe lo, gia ya kwanza, mguu utoke kwenye klachi kabisa, na breki uiache, injini yenyewe ndo inashika. Mguu wangu ulikuwa unataka breki kwa nguvu zote nikauvutia nyuma ya kiti ili nisijisahau. Ukifunga breki kwenye udongo unaoteleza tairi zinasimama, gari inateleza tu yenyewe haina usukani, na mkia ukianza kuja pembeni unachotakiwa kufanya ni kuongeza mafuta kidogo gari inyooke, kitu ambacho akili yote inakataa. Vilevile ukishindwa kupanda katikati ya mlima usijaribu kugeuza, unarudi kinyumenyume umenyooka na injini ikiwa kwenye gia, maana gari ikikaa ubavu kwenye mlima inabingirika. Walitufanyisha mazoezi ya kushindwa makusudi, kila mtu, mara mbili, kwenye kilima kidogo kabla ya kile kikubwa. Hii peke yake ilitosha mi kusema wanajua kufundisha.

Mto nautaja haraka japo ndo ulikuwa na picha nzuri. Kwanza mtu anavua viatu anapita kwa miguu na fimbo, kama huwezi kutembea humo usiendeshe humo. Unaingia taratibu, unashika mwendo mmoja ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa, hubadilishi gia katikati, na ikizima ndani usijaribu kuiwasha, maana maji yakishaingia kwenye silinda hayabaniki kama hewa, kinachopinda ni koneksheni rodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Tena kabla ya kuingia tulisubiri dakika kadhaa difu zipoe, nikauliza kwa nini, nikajibiwa kwamba chuma cha moto kikiingia maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje. Miaka minne nimepita kwenye madimbwi bila kulijua hilo.

Siku ya pili ndo haikunifurahisha. Yule dada hakuwepo, aliyeshika mbele alikuwa mtu mwingine, na sitasema ni dereva mbaya, ni mzuri sana, ila alikuwa na haraka. Defender moja ilizama kwenye tope hadi kwenye ekseli, na badala ya kufuata tulivyofundishwa jana yake, yaani chimba kwanza mbele ya tairi, punguza upepo tena, weka zile mbao za plastiki chini, kamba iwe ya mwisho, yeye akachomoa ile kamba inayovutika moja kwa moja. Hiyo kamba inarefuka hadi kama asilimia 30 halafu inarudi, ndo uzuri wake na ndo hatari yake, inatunza nguvu kama manati. Watu walikuwa wamesimama hatua tano, sita kutoka pale, simu mkononi, watoto wawili wakiwemo, na wanaoelekeza walikuwa watatu wote wanapiga kelele. Nikapaza sauti. Sio tabia yangu kupaza sauti kwa watu nisiowajua vizuri ila nilipaza, nikasema hakuna kuvuta mpaka watu wote warudi angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na mtu mmoja tu aongee. Pakawa kimya kidogo, pakawa pabaya kidogo, halafu mzee mmoja mwenye Land Cruiser ya zamani akasema huyu anasema kweli, watu wakarudi nyuma. Tukachimba dakika kumi, gari ikatoka kwa kamba bila hata kishindo. Kiongozi alikuja kuniomba radhi jioni na nimepokea kwa moyo mweupe, lakini kitu cha hivyo hakitakiwi kusubiri mgeni akiseme.

Nafikiri shida ni wingi. Gari 11 kwa viongozi wawili ni nyingi, kila kikwazo kinachukua saa, watu wanachoka, wanaanza kukimbizana na jua. Na redio koli zilikuwa saba, waliokosa walitegemea kumwangalia wa nyuma kwenye kioo, sheria ikiwa hupiti njia panda yoyote mpaka wa nyuma yako ameona ulikoelekea. Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, hatukupoteza hata mmoja, ila kwenye vumbi unakuwa unakisia.

Kama una gari ya foowili ya kawaida, haijafanyiwa kitu, nenda, usiogope wala usisubiri hadi uiinue. Beba glavu, koleo, kompresa, maji mengi kuliko unavyofikiri, na vidole gumba vikae nje ya usukani maana jiwe likipiga tairi usukani unazunguka unaweza kukuvunja. Kama gari ndo unaitegemea kwenda kazini Jumatatu na hutaki hata mkwaruzo, hii sio yako, miti inachora rangi hata uende polepole vipi.

Wameniambia safari ijayo watagawa makundi mawili na kila kundi liwe na mtu wa kuelekeza asiyeendesha. Nimeshajiandikisha, nimeomba kundi la yule dada. Kwa sasa nyota nne. Leo jioni naingia chini ya gari kuangalia mafuta ya difu, yakiwa na rangi ya maziwa ujue maji yaliingia.