Begi la kamera la mgongoni: lipi linafaa mizunguko ya Dar?

Kwa anayepanda mwendokasi jioni, swali la kwanza ni zipu iko upande gani. Lowepro ProTactic 450 AW II lina mlango mkubwa unaolala mgongoni mwako, mkono wa mwizi haupenyi. Ila lina pia milango ya pembeni na juu, nayo inataka jicho. Peak Design Everyday Backpack hufunguka pembeni, kushoto na kulia: raha unapopiga harusi, kwani unalizungusha kifuani na kuchomoa kamera. Ndani ya basi lililojaa, livae mbele.

Uzito ndio kasoro ya Lowepro. Tupu tu ni takribani kilo 2.7. Ongeza bodi mbili za kamera na lenzi nzito mbili, 24-70mm na 70-200mm za f/2.8, bila kufunga mkanda wa kiunoni mabega yatalia. Faida yake ni kifuniko cha mvua kinachokuja nalo. Kitambaa cha Peak Design huhimili manyunyu, si masika.

Mabegi ya Kariakoo yasiyo na jina? Yapo yanayofaa. Yajaze vitu palepale dukani, ushike mpini, utikise, kisha kagua mshono wa mikanda ya mabega. Hapo ndipo hukatika kwanza. Bonyeza vigawanyio, yaani kuta laini za ndani zinazotenganisha vifaa: vidole vikikutana, sponji ni hafifu.

Lolote utakalonunua, usifungie lenzi ndani likiwa na unyevu. Kwa joto hili fangasi hawachelewi. Anika begi kwanza, weka pakiti za silika zinazonyonya unyevu, na ukitoka Coco Beach kung'uta mchanga kwenye zipu kabla ya kuivuta.