Atelye ya kusude (kushikamanisha chuma na moto ya umeme) kule komini ya Kenya, Lubumbashi: nilienda na lisansi yangu, nyota 4 kwa 5

Bon, kwanza mujue mi mutu wa lisansi ya ekonomi, miaka 5, gradua 3 na lisansi 2, ile mufumo ya mbele LMD (mufumo mupya ya lisansi, masteri na dokta) haiyaingia. Mama aliplastifye diploma akaitundika mu salo. Kisha nikazunguka miaka 2 na sivi mu anvelopi ya kaki, kila mulango sentineli anaipokea anasema « acha hapa batakupigia », simu hailie. Bazazi betu bo balijua paka njia moja, unasoma, unaingia Gécamines (kompani ya serikali ya kuchimba shaba), unapata nyumba, unga na shule ya batoto. Lakini mu 2003 batu zaidi ya elfu kumi balitoka kule na depar volonteri (kuacha kazi kwa mapenzi yao, banapewa feza ya kuondoka), na siye tuliendelea kusoma sawa vile hakuna kitu ilibadilika.

Njo nikaenda kujiandikisha kusude. Miezi 3, dola 150, unaweza kulipa kwa mara tatu kama unajua kusemezana vizuri. Papa fundi hakuuliza diploma, alitazama mikono yangu akacheka, « weye ulikuwa unashika paka biki ».

Kufundisha anajua, hapo sina mashaka. Wiki mbili za kwanza ni mustari tu juu ya toli (chuma ya bapa), na bageti (fimbo ya kusude) 6013 ya milimetre 2.5, kama ampere 80, na yangu inashikamana kila saa mpaka batoto ba miaka 17 banakuja kuing'oa. Papa fundi anasema usiangalie tu, sikiliza, ikilia sawa mafuta ya kukaanga mikate basi iko muzuri, ikikohoa umeenda mbali. Na ni kweli, siku sikio langu lilishika ile sauti mukono nao ukatulia!

Nyota moja nimetoa juu ya maski. Tuko 14, maski 6. Siku moja nikaangalia moto ya mwenzangu bila kitu, usiku macho ikawa sawa imejazwa mchanga, nililia mpaka asubui (mama na viazi zake juu ya macho, tuache tu, enda kwa munganga). Tena hakuna furu ya kukausha bageti 7018, na ile ikinyonya maji inaharibu kazi, kwa hiyo unaijulia paka siku ya testi.

Testi yenyewe nilifanya kwa sosyete moja ya su-tretansi (ile inafanya kazi ndogo kwa niaba ya kompani kubwa). 6G, maana yake bomba imefungwa kwa degre 45, haizunguke, weye njo unaizunguka. Kisha banakata vipande banavikunja. Yangu ilipasuka. Kijana mwenye hakumaliza hata sekonderi yake ilikunjika sawa mukate ya moto, akabakia, mi nikarudi na bisi.

Lakini sasa musikilize. Siku moja Papa fundi anafanya devi (hesabu ya bei) ya portai, mulango mukubwa ya chuma, kwa kichwa, anamutajia kliyenti bei, mi nikachukua biki, nikahesabu chuma, bageti, umeme, esansi ya grupu (jenereta) wakati umeme umekatika, mushahara ya batu babili siku tatu. Kumbe alikuwa anauza portai kwa hasara! Alinyamaza, akaleta kiti. Tangu siku ile devi zote zinapita kwangu, nakula asilimia 10, na tuko tunatafuta RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara) na makaratasi ya impo (kodi), juu sheria ya 2017 inaachia su-tretansi kwa sosyete zenye mali yao kubwa iko ya Bakongomani, na mutu mwenye miaka 30 ya kusude bila karatasi hata moja haonekane mule.

Kwa hiyo mukiniuliza kama nilipoteza miaka 5, nitasema hapana, ila diploma peke yake ilikuwa inanipeleka paka kwa sentineli. Na ndugu mwenye anadanganya batoto eti baache masomo bakamate posti ya kusude, huyu naye hajahesabu portai.

Mukienda, bebeni maski yenu. Brevè (karatasi ya kumaliza mafunzo) inatoka kisha wiki tatu, muangalie jina vizuri mbele ya kusinye, yangu baliiandika vibaya mara mbili.