Majoka, nyota na mafundi boti: riwaya nilizosoma hivi karibuni

Nikishika riwaya ya majoka au ya safari za sayari, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kazi. Humo ndani nani anavua? Nani anapika? Chombo kikivuja nani anaziba? Mwandishi akinionyesha hayo, anaweza kunipeleka popote anapotaka na nitamwamini. Asiponionyesha, hata akusanye mashetani wa dunia nzima, kurasa zake zinanichosha. Huenda ni kwa sababu ya mahali ninapoishi. Niko Kigoma, upande wa Katonga, kaka yangu ni fundi boti, na mimi nauza nyuzi, nyavu na maboya. Huku hakuna anayedhani kwamba mtumbwi unaelea wenyewe.

Kuvipata vitabu vyenyewe ni shughuli. Maduka ya Mwanga, hapa mjini Kigoma, yana madaftari na vitabu vya shule, na riwaya ni zile zinazotahiniwa. Za Kiingereza nasoma kwenye simu, polepole, jioni baada ya kufunga duka. Za Kiswahili nimeazimwa na mwalimu mstaafu wa Ujiji, mama mmoja ambaye hakuazimi kitabu cha pili mpaka umsimulie cha kwanza. Sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa nilianza kubishana nayo barazani kwake.

Kilichonishika kuliko vyote ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1968. Dunia yake ni visiwa vitupu, na mtu hawezi kwenda kokote bila chombo. Ged ni mtoto wa mfua shaba wa kisiwa cha Gont. Anachunga mbuzi, inagundulika kwamba ana nguvu za uganga, mwishowe anapelekwa kusoma kisiwa cha Roke. Huko, kwa kiburi cha ujana na kushindana na mwenzake, anafungulia kivuli kibaya ambacho kinamwinda hadi mwisho wa kitabu. Kwa maelezo hayo utasema ni hadithi kama nyingine. Subiri afike Low Torning.

Low Torning ni visiwa vidogo vya wavuvi, na Ged anapelekwa huko kuwa mganga wao. Jirani yake ni fundi boti anayeitwa Pechvarry. Urafiki wao unaanzia kwenye kazi: Ged anazikinga boti kwa maneno ya uganga, Pechvarry anamfundisha kuunda chombo na kuendesha tanga. Kisha mtoto wa Pechvarry anaugua. Ged anajua hali imeshapita uwezo wake, lakini mbele yake yuko rafiki, na mama wa mtoto analia. Anaifuata roho ya mtoto mpaka kwenye mpaka wa nchi ya wafu, naye nusura asirudi. Mtoto anakufa. Hapo niliiweka simu chini. Mganga mwenye uwezo wa kusimama mbele ya joka ameshindwa na homa ya mtoto wa jirani, na kesho yake atakutana na baba yake pwani. Yeyote aliyeishi kwenye kijiji cha wavuvi anajua uzito wa kukutana huko.

Kuna jambo la pili, nalo ni hali ya hewa. Roke wanafundishwa kwamba upepo na mvua si vitu vya kuchezea, maana mvua ukiivutia hapa inaweza kuwa ukame kisiwa kingine, na shwari ya mashariki ikawa dhoruba ya magharibi. Sijasoma riwaya nyingine ya uganga iliyofikiria hivyo. Sisi ambao kusi ikivuma miezi ya kiangazi boti zinabaki zimefungwa na duka langu linalala, tunaelewa mara moja kwa nini mwenye uwezo wa kuugeuza upepo angepaswa kuogopwa.

Na kuna ile boti. Chombo cha Ged kinavunjika kwenye mwamba wenye mchanga, mahali wanapoishi kikongwe mwanamume na dada yake, wawili peke yao, wametelekezwa na dunia. Hakuna mti hapo. Ged anaokota vipande vya mbao vilivyosukumwa na maji, anaviunganisha kwa maneno, na anaondoka navyo baharini. Chombo kizima kinashikiliwa na uganga wake tu. Nilimsimulia kaka karakanani akiwa anakalafati, pamba mkononi.

“Misumari ya nini?” akauliza.

“Hakuna misumari. Maneno tu.”

“Na akisinzia?”

“Ndiyo maana hasinzii.”

Akatingisha kichwa, akaendelea kugonga. Jioni alipopita dukani alitaka kujua yule kijana alifika wapi. Kaka yangu hasomi riwaya hata moja, lakini swali lake la usingizi ndilo swali ambalo Le Guin mwenyewe alikuwa amelifikiria.

Kitu kimoja katika kitabu hiki kimeniudhi na sitakificha. Kwenye kisiwa cha Gont wana msemo kwamba uganga wa mwanamke ni dhaifu, na mwingine kwamba ni mwovu, na kitabu kinaupita bila kuuhoji. Shule ya Roke haina msichana hata mmoja. Wanawake wanapika, wanalia, wanawatega wanaume, basi. Hapa Katonga na Kibirizi, alfajiri boti zikirudi, wanaonunua dagaa, kuanika, kugeuza, kufungasha na kusafirisha ni kina mama. Uwaondoe, samaki wote wanaozea mchangani. Mwandishi aliyeiona kazi ya Pechvarry kwa undani vile angeweza kuiona na hiyo. Baadaye aliirudia mwenyewe dunia hiyo kwa jicho la mwanamke, kwenye Tehanu ya mwaka 1990, na namheshimu kwa hilo. Namheshimu pia kwa kuwa Ged ana ngozi ya rangi ya shaba na rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi. Wachora majalada walimpaka Ged weupe kwa miaka, na Le Guin alilalamika waziwazi.

Binti cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ni kifupi, unaweza kukimaliza mwisho wa wiki. Kilitoka mwaka 2015 na kilipata tuzo za Hugo na Nebula. Msichana wa Kihimba, wale wa kaskazini mwa Namibia, amepata nafasi chuo kikuu cha Oomza, sayari nyingine kabisa, na anatoroka kwao usiku kwa sababu Wahimba hawaondoki. Nilimpenda tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu ana ufundi. Baba yake hutengeneza astrolabu, yaani vyombo wanavyotumia kama tunavyotumia simu, naye amerithi mikono ile. Hesabu kwake ni kazi anayoingia nayo ndani mpaka akili inatulia. Na mwilini na kwenye nywele anapaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, anaouchanganya mwenyewe. Wenzake safarini wanamshika nywele bila kumwomba. Udongo huohuo ndio unaokuja kuponya jeraha la kiumbe wa Meduse, adui. Hii ndiyo riwaya ya anga ninayoitaka: dawa haitoki kwenye maabara ya mtu mwingine, imo kwenye kopo ambalo msichana amebeba kutoka nyumbani.

Lakini sikuridhika na jinsi inavyomalizika. Meduse wanaingia chomboni na kuwaua wanafunzi wote, akiwemo kijana aliyekuwa ameanza kumwingia Binti moyoni, ameketi karibu naye mezani. Ziko kurasa chache tu kati ya mauaji hayo na urafiki wake na Okwu, mmoja wa wauaji. Madai ya Meduse ni ya haki, kwa kuwa mwiba wa mkuu wao uliibwa ukawekwa kwenye jumba la maonyesho la chuo, na Binti ndiye anayesuluhisha urudishwe. Sawa. Lakini wale vijana waliokufa wana wazazi. Hakuna anayekaa matanga. Mama mwalimu wa Ujiji alinipinga, akasema kwenye vita watu hufanya amani na waliowaua ndugu zao na maisha yakaendelea, na watu wa mkoa huu uliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo tunapaswa kulijua hilo. Ninalijua. Ninachodai ni kuonyeshwa inavyouma.

The Three-Body Problem cha Liu Cixin, Mchina, kimenigawa. Mwanzo wake una nguvu kuliko chochote nilichosoma kwa siku nyingi: mwaka 1967, Mapinduzi ya Utamaduni, binti anamwona baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa mbele ya umati mpaka kufa. Ukishaona hayo unaelewa kwa nini mwanamke huyo, Ye Wenjie, baadaye atajibu ujumbe wa viumbe wa mbali na kuwakaribisha, hata baada ya kuonywa asijibu. Halafu kuna sura ya kompyuta ya watu. Ndani ya mchezo wa kompyuta ambao wahusika wanaucheza, mfalme Qin Shi Huang anapanga askari milioni 30 uwanjani, kila mmoja na bendera nyeusi na nyeupe. Watatuwatatu: wawili wanatoa ishara, wa tatu anainua bendera kufuatana na alichokiona. Ukiwaunganisha wote, wanakokotoa. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kompyuta ikaeleweka namna ile, na imeelezwa kwa mikono ya watu!

Hata hivyo askari hao hawana jina wala njaa. Sehemu moja ikikosea, mfalme anaamuru wakatwe vichwa, na hadithi inasonga. Watu wa nje ya mchezo nao wengi wako hivyohivyo. Mhusika mkuu, Wang Miao, ana mke na mtoto mwanzoni, kisha wanapotea kabisa na hakuna anayewauliza. Anayeokoa kitabu ni polisi Shi Qiang, mvutaji sigara, mwenye mdomo mchafu, anayejua watu wanavyoishi mtaani.

Za Kiswahili nimesoma mbili. Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, nilikuwa nakijua kwa maswali ya mtihani. Safari hii nimekisoma kama riwaya ya maajabu, na kimebadilika mikononi mwangu. Nchi iliyo angani! Karama anashtakiwa na Waziri Majivu kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, za juu na chini zikiwemo, wakarudi na maarifa na kuishia gerezani. Kazi za mikono humo ni haba, maneno ni mengi, lakini kila mjumbe anarudi na mwili uliotaabika, na hilo linanitosha. Ukikumbuka kiliandikwa chini ya Mwingereza, unaona kwa nini nchi ile ilibidi iwe hewani.

Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, nilikisubiri kwa hamu zaidi. Dzombo anahukumiwa kufa, anapakiwa kwenye chombo ambacho ndicho adhabu yenyewe, lakini anafaulu kukiendesha na kutua kwenye sayari yenye watu walioondokana na unyonyaji. Mwandishi aliwahi kuwekwa kizuizini Kenya mwaka 1986, na ile hukumu ina moto wa mtu anayejua anachokisema. Sayari yenyewe ndiyo iliyonipungukia. Dzombo anauliza, anajibiwa; anauliza tena, anajibiwa kwa urefu. Nilitaka kuona mtu wa Walenisi akilima, akigombana na jirani juu ya mpaka, kisha wakapatana kwa utaratibu wao mpya. Mtu wa kweli angenishawishi haraka kuliko hotuba.

Ninasema haya kwa sababu naitaka sana riwaya ya namna hii kwa lugha yetu, na vifaa tunavyo. Ziwa hili letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Usiku wa giza taa za wavuvi hulijaza mpaka upeo, na mbalamwezi ikitoka zote hutoweka. Na kuna Liemba: meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikavuka bahari, ikafika huku ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, injini zikiwa zimepakwa grisi ili zisioze. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwandishi wa riwaya za sayansi angebuni nini zaidi ya mtu anayepaka grisi injini ya meli anayoizamisha, akitumaini kuirudia? Namtaka huyo mpaka grisi kwenye ukurasa, na vibarua waliobeba vile vipande nawataka pia.

Kwa anayeanza, aanze na Le Guin kama Kiingereza hakimsumbui, na Kusadikika kama kinamsumbua. Liu Cixin awe na subira naye. Mimi sasa niko kwenye sehemu ya pili ya Binti, inayoitwa Home, ya mwaka 2017. Amerudi kwao na Okwu. Yale mauaji ya chomboni bado yanamshtua, na ndugu zake wanamkabili kwa hasira: aliondokaje bila kuaga, na kazi ya baba alimwachia nani. Dada yake ndiye mkali kuliko wote. Sijafika mwisho, lakini hayo maswali ndiyo niliyoyadai.