TAHADHARI: Udi wa Deira wa "sitini kwa tola" unaogeuka sitini kwa gramu

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Amu, Shela, Matondoni na Malindi. Harusi za Mfungo Mosi zinakaribia, na najua wengi mnajiandaa kwenda Dubai kununua vya sanduku la bibi harusi, au mmeshamwagiza mtu. Tafadhali someni hii mpaka mwisho, na mumsomee na huyo mliyemwagiza.

Kuna duka la udi na mafuta mazuri huko Deira, mtaa wa Dubai, kwenye kichochoro nyuma ya soko la viungo. Humo mimi na mume wangu tumedhulumiwa mchana kweupe, tena kwa Kiswahili.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri. Vitambaa tulinunua Bur Dubai, tukavuka hori kwa mashua ya abra, nauli dirhamu 1, tukaingia soko la dhahabu. Huko sina lawama hata kidogo. Bei ya dhahabu ya siku imeandikwa ubaoni, kila mtu anaiona. Sonara alipima mbele ya macho yetu, akatenga bei ya dhahabu mbali na ujira wa ufundi mbali. Bangili za karati 22 zina muhuri wa 916, na risiti imeandikwa kila kitu. Kutoka hapo mpaka soko la viungo ni mwendo mfupi tu, na ndiko tulikokutwa.

Kijana wa duka hilo la udi aliona buibui langu na kofia ya mume wangu, akaanza: "Karibu mama, karibu mzee! Habari za Mombasa?" Kiswahili kimenyooka. Eti bibi yake mzaa mama ni mtu wa Mombasa. Uko ugenini, umechoka, unasikia lugha yako: moyo unalainika, na wao wanalijua hilo. Tukakalishwa, tukaletewa kahawa, tukafukizwa udi mzuri hasa. Nikauliza bei. "Sitini." Nikamuuliza, "Kwa tola?" Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Tola, gramu, mama, sisi ndugu, hatushindani."

Tola moja ni gramu 11.66. Tulitaka tola mbili, na kwa sitini kila tola ni dirhamu 120, karibu shilingi 4,200. Akachota kwenye kopo, si lile la udi tuliofukizwa, na mizani imeelekezwa upande wake. Kabla ya kutaja jumla akamimina mafuta juu ya vile vipande, akasema hiyo ni zawadi yetu. Zawadi hiyo ndiyo mtego wenyewe. Alipotuonyesha kikokotoo, kimeandikwa 1,400. Sitini imekuwa ya gramu!

Mume wangu akakataa papo hapo. Kijana akageuka uso: udi umeshatiwa mafuta, haurudi tena kopoani, nani atamlipa yeye? Wenzake wawili wakaja wakasimama mlangoni. Hawakutugusa, lakini mlango ndio huo mmoja. Mwisho "akatupunguzia kwa undugu" mpaka 1,100.

Hata kwenye kadi hakutuacha. Mashine iliuliza tulipe kwa dirhamu au kwa shilingi ya Kenya, yeye akabonyeza shilingi kabla hajaigeuza kwa mume wangu. Ukilipa kwa shilingi, fedha hubadilishwa kwa kiwango cha hao wenye mashine, ambacho mara nyingi huwa kibaya kuliko cha benki yako. Chagueni dirhamu kila mara, na mbonyeze wenyewe. Wakati huo dirhamu 1 ilikuwa kama shilingi 35. Dirhamu 1,100 zilipaswa kuwa shilingi 38,500. Ujumbe wa benki ulisoma zaidi ya elfu arubaini. Fedha hizo zilikuwa za harusi ya mtoto wa dada yangu, zimechangwa na watu ambao hawana cha kupoteza.

Tulipofika Amu, mama mkwe akatia kipande kwenye chetezo. Kilinukia kidogo, kisha ukaja moshi wa kuni unaowasha macho. Mume wangu akapasua kingine kwa kisu: nje cheusi, ndani cheupe kama njiti ya kiberiti. Udi wa kweli una mishipa myeusi ya utomvu mpaka ndani, na ukikaa juu ya makaa utomvu ule huchemka, unaona viputo. Hiki ni kijiti kilichopakwa rangi.

Sisemi wauza udi wote wa Deira ni wezi. Wapo waungwana, na baadhi yao ni Waswahili wenzetu. Lakini muuzaji yeyote, awe anazungumza lugha gani, mwambieni aandike kwenye karatasi bei, kipimo na jumla kabla ya kuchota, na mizani iwatazame nyinyi. Mwambieni apasue kipande kimoja kutoka kwenye kopo lile lile. Akishika chupa ya mafuta kabla hamjakubaliana jumla, inukeni mtoke.

Na risiti! Yetu imeandikwa "manukato" basi, bila uzito, bila namba ya kodi. Tangu 2018 Dubai kuna kodi ya asilimia 5, na duka lililosajiliwa hutoa risiti yenye namba ya kodi ya tarakimu 15. Risiti isiyo na namba hiyo hata uwanja wa ndege hairudishiwi kodi.

Likiwapata mkiwa bado huko, pelekeni malalamiko kwa ofisi ya Dubai ya kulinda walaji kabla ya kupanda ndege, na udi msiuguse. Sisi tumeyapeleka kwa mtandao tukiwa tumesharudi, na benki nayo tumeiandikia. Picha za risiti na za vipande vilivyopasuliwa ninazo. Anayetaka kulinganisha na udi alionunua aniulize, nitamtumia.