Urefu wa pazia: upi ununue, upi uuache, na namna ya kulirekebisha

Ukijikuta dukani umeshika mapazia mawili, moja fupi kidogo na jingine refu kidogo, chukua refu. Pazia refu unalipinda jioni moja ukamalizana nalo. Fupi utakuwa unaliona kila ukiingia sebuleni, na wageni nao wataliona, hata wasiposema.

Mapazia mengi yaliyoshonwa tayari huuzwa kwa inchi 63, 84, 95 na 108, yaani karibu sentimita 160, 213, 241 na 274. Dirisha lako halijui namba hizo. Ndiyo maana karibu kila pazia la dukani litahitaji sindano, na anayekwambia "hili litakaa tu" hajaiona sakafu yako.

Kabla ya urefu, fimbo. Watu hupima dirisha, wananunua pazia, halafu ndipo wanatafuta pa kutoboa ukuta. Anza na fimbo. Ifunge sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, au zaidi kama dari liko mbali, na iache ipite fremu sentimita 15 hadi 20 kila upande ili pazia likifunguliwa lisikalie kioo. Fimbo ikishakaa ukutani, sasa una kitu cha kupima.

Haya, mpangilio wangu, kuanzia ninaoupenda zaidi.

1. Linaloishia juu kidogo ya sakafu. Acha nafasi ya sentimita 1, isizidi 2. Chumba kinaonekana kirefu, pazia linateleza bila kukwama, na ufagio unapita. Kuna wanaotaka liguse sakafu kabisa. Ni zuri kweli likipatikana, ila sakafu nyingi si sawa: upande mmoja utagusa na mwingine utaning'inia, na jicho huenda moja kwa moja kwenye hiyo tofauti. Hiyo sentimita moja inaficha aibu ya fundi wa sakafu.

2. Linaloshuka sentimita 15 hivi chini ya dirisha. Najua wengi wangeliweka mwisho. Lakini kama chini ya dirisha kuna kitanda, meza ya kusomea au kochi lililosogezwa ukutani, pazia la kufika chini litabanwa nyuma ya fanicha, likunjamane na kukusanya vumbi pasipofikika. Hapo hili ndilo jibu.

3. Linalozidi sakafu kwa sentimita 2 hadi 5. Kitambaa kinajikunja kidogo chini, kama suruali juu ya kiatu. Linafaa kwa velveti na vitambaa vingine vizito, na linasamehe makosa ya kupima. Gharama yake ni kulipanga upya kila ukilifungua.

4. Linaloishia ukingoni mwa dirisha. La jikoni, bafuni, na madirisha yaliyoingia ndani ya ukuta. Liishie sentimita 1 juu ya ukingo, maana likiukalia litalowana na kuchafuka. Karibu na jiko usiweke pazia la aina yoyote.

5. Linalolala sakafuni, sentimita 15 au zaidi. Kwenye picha ni la kifalme. Nyumbani kwenye mtoto anayetambaa, paka na maji ya kudekia, ni deki la bei ghali.

Kuna la sita, lile linaloishia kati ya dirisha na sakafu, kama sare ya mtoto aliyerefuka likizo nzima. Hakuna anayelichagua, huja lenyewe baada ya kupima kwa macho.

Kupima

Tumia futi ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika ikizeeka, na kwenye mita mbili na nusu kosa hilo linaonekana. Pima sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Tuseme kutoka juu ya fimbo hadi chini umepata 228, 229 na 230. Shika ile ndogo, 228, utoe 1 ya nafasi: 227. Sasa tazama kichwa cha pazia. Lenye matundu ya ringi huinuka juu ya fimbo, mara nyingi sentimita 2 hadi 4, kwa hiyo kama ni 3, urefu kamili wa pazia ni 230. La kuning'inizwa kwenye pete ni kinyume chake: pete hulishusha, basi pima kuanzia pale kulabu inapoingia.

Upana nao una lake. Jumla ya mapazia iwe mara 2 ya urefu wa fimbo, au 2.5 kwa kitambaa chepesi. Bila marinda, hata urefu ukiwa sahihi linaonekana shuka lililoanikwa.

Kulifupisha

Fua kwanza. Nilijifunza hili kwa pazia la pamba nililolikata 225 kwa usahihi wa kujisifu. Lilipotoka kwenye maji na kukauka lilikuwa 216. Pamba na kitani hurudi, poliesta karibu hairudi. Kama kitambaa hakiruhusiwi kufuliwa, angalau kining'inize siku mbili tatu kabla ya kupinda, kwa sababu uzito wake hukivuta.

Kisha lipinde likiwa limening'inia kwenye fimbo yake, si mezani. Weka pini kila kiganja kimoja, rudi nyuma hatua tatu, tazama, rekebisha. Pindo liwe pana, sentimita 8 hadi 10, likunjwe mara mbili. Pindo jembamba halina uzito, na pazia litapepea na kupinda pembe. Kama ni jepesi mno, shona kipande kidogo cha chuma ndani ya kila pembe.

Usikate haraka. Ukinunua la 241 na unahitaji 230, ziada ya sentimita 11 unaweza kuikunja ndani na kuishona kwa mkono, ukihamia nyumba ya dari refu unaifumua. Utepe wa gundi ya pasi unafaa kwa mpangaji asiye na cherehani, lakini jaribu kwanza pembeni, maana joto la pasi huacha mng'ao kwenye baadhi ya vitambaa. Pazia lenye urembo chini hufupishwa juu, na hiyo ni kazi ya kumpelekea fundi.

Kulirefusha

Jaribu kwanza visivyohitaji uzi: pete zenye klipu zitakupa sentimita 3 au 4, na kwenye mkanda wa marinda, ule ulioshonwa juu ya pazia wenye safu za vijishimo vya kulabu, kuhamisha kulabu safu ya juu zaidi hulishusha kidogo tena. Halafu fumua pindo. Mkunjo wa zamani hulegea kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji na pasi juu yake, ila kama jua limeshapausha kitambaa, ule mstari hautoki.

Hapo ongeza kipande chini, cha rangi iliyokolea kuliko pazia, na usiogope upana. Cha sentimita 25 kitaonekana umekikusudia, cha sentimita 6 kitaonekana kiraka.